Chama cha Huduma na Vijana Waendao Ng'ambo

Leo tumekusudia kuzungumza nanyi habari za chama ambacho desturi yake ni kukutana kila juma, na habari za vijana wanaovuka bahari kwenda kufanya kazi ya kujitolea katika nchi za watu wengine. Mambo haya mawili huonekana kuwa mbalimbali, walakini yamefungamana. Maana mara nyingine kijana huyo husaidiwa na chama kama hicho, na arudipo huitwa asimame mbele ya wanachama atoe hesabu ya kazi yake. Na katika hesabu hiyo limo swali liwahusulo watu wote wapokeao wageni, yaani: ni msaada gani wa mgeni ulio msaada kweli?

Tuanze na chama chenyewe. Tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago, Marekani, watu wanne walikutana katika ofisi ya mmoja wao. Paul Harris alikuwa mwanasheria, Gustavus Loehr mhandisi wa migodi, Silvester Schiele mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey mshona nguo. Harris alikuwa amelelewa katika mji mdogo ambako watu hujuana kwa majina, na katika jiji lile kubwa aliuona upweke. Basi wakapatana kukutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, mara nyingine katika ofisi ya yule. Na kwa ajili ya mzunguko huo chama kikaitwa Rotary, na alama yake hata leo ni gurudumu. Kwanza walitafuta urafiki na kufaana katika biashara. Punde wakaona kwamba watu wa kazi mbalimbali wakikaa pamoja waweza kuufaa mji mzima, wakaanza mwaka 1907 kushughulikia vyoo vya watu wote katikati ya Chicago. Chama kikaenea nchi nyingi. Nairobi kilipata tawi lake mwaka 1930. Wanawake hawakukubaliwa kuwa wanachama katika nchi zote mpaka mwaka 1989, kanuni ilipobadilishwa.

Sasa tuutazame mkutano. Katika miji mingi hufanyika wakati wa chakula, nao hauchukui muda mrefu. Mwenyekiti hupiga kengele, wageni hutambulishwa, chakula huliwa, matangazo husomwa. Kisha mtu mmoja husimama kutoa hotuba fupi, na baada yake huulizwa maswali. Kengele hulia tena, na daktari hurudi hospitali, mwenye duka dukani, mwalimu shuleni. Zamani aliyekosa mkutano wa chama chake aliweza kuhudhuria wa chama kingine, hata katika nchi ya ugenini, ahesabiwe kuwa hakukosa. Tangu mwaka 2016 vyama vimepewa ruhusa ya kupunguza mikutano, mradi isiwe chini ya miwili kwa mwezi. Lakini viko vingi vinavyoshika desturi ya kila juma.

Huenda mtu akauliza, mna faida gani katika kula pamoja na kupiga kengele? Faida yake ni hii, kwamba neno lililoahidiwa juma hili laweza kuulizwa juma lijalo. Mtu akisema atapeleka madawati, wenzake watamwuliza, "Madawati yamefika?" Kazi isiyo na siku ya kuulizwa hulala usingizi. Angalieni habari za ugonjwa wa polio, unaolemaza watoto. Mwaka 1985 Rotary walianza kazi kubwa ya kuchanga fedha na kusaidia ili watoto wa dunia nzima wapate chanjo, na mwaka 1988 wakajiunga na Shirika la Afya Duniani na wengine kuufukuza ugonjwa huo kabisa. Kazi ikaendelea mwaka hata mwaka, tone la dawa kinywani mwa mtoto mmoja mmoja, mpaka tarehe 25 Agosti 2020, ilipothibitishwa kwamba virusi asilia vya polio vimekomeshwa katika kanda ya Afrika ya shirika hilo. Tangu 1985 hata 2020 ni miaka thelathini na mitano. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima awepo wa kukitazama kibaba hicho.

Chama hiki kimewafungulia vijana mlango pia. Mwaka 1962 kiliundwa Interact kwa ajili ya wanafunzi, na mwaka 1968 Rotaract kwa ajili ya vijana waliokwisha kuwa watu wazima. Lakini desturi ya vijana kwenda ng'ambo kujitolea ni ya zamani kuliko vyama hivyo, tena haikuanzishwa na Rotary.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Mswisi mmoja aitwaye Pierre Ceresole aliwakusanya watu wachache wa mataifa mbalimbali, wakaenda mwaka 1920 katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun, Ufaransa, kujenga upya nyumba zilizobomolewa na mizinga. Miongoni mwao walikuwamo Wajerumani. Nia yao ilikuwa njema: waliokuwa adui wasaidie kujenga kilichovunjwa. Walakini majeraha ya vita yalikuwa mabichi, na wakuu wa mahali pale hawakupenda kuwaona Wajerumani. Baada ya miezi michache kazi ikakoma, nao wakaondoka. Hapo twajifunza kwamba nia njema ya mgeni peke yake haitoshi, ikiwa moyo wa mwenyeji haujawa tayari.

Mwaka 1958 Mwingereza Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha chama kiitwacho VSO. Wa kwanza kupelekwa ng'ambo walikuwa vijana waliotoka shule juzi tu, wenye umri wa miaka kumi na minane hivi. Baadaye nchi zilizowapokea zilihitaji zaidi watu wenye ufundi uliokwisha kukomaa, na chama kikabadili desturi yake.

Kisha mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani aliunda Peace Corps. Kati ya nchi za kwanza kupokea watu wake zilikuwa Ghana na Tanganyika. Ghana ilipata walimu. Tanganyika, iliyokuwa karibu kupata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka ule ule, ilipata wapima ardhi, wahandisi na wajuzi wa miamba, kwa kuwa nchi ilihitaji barabara na mafundi wa kuzipima walikuwa wachache. Kabla ya kuja walifundishwa Kiswahili. Tazameni tofauti: hawa walikuja kwa kazi iliyojulikana, iliyotakiwa na wenyeji, nao walijifunza kusema na watu watakaokaa nao.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wala hawakusema mgeni ajichagulie shamba. Mwenye kumpa jembe ni mwenyeji, naye ndiye ajuaye palipo magugu na palipo miche.

Kwa hiyo, ndugu zetu, wakija vijana wa kujitolea kijijini kwenu, wapokeeni kwa heshima, kisha waulizeni maneno matatu. La kwanza: Nani aliyeiomba kazi hii? La pili: Je, yuko fundi wa hapa hapa awezaye kuifanya, akapata riziki yake? Maana si vema kijana atoke mbali kuja kujenga ukuta uliopinda, na mwashi wa kijiji amekaa bila kazi. La tatu: Mtakapoondoka, nani atakayeitunza? Mwaka 2009 ilikadiriwa kwamba karibu theluthi ya pampu za mkono katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Siku ya kufunguliwa pampu, watu hupiga vigelegele. Ikikatika chuma kimoja, na hapana kamati, wala akiba, wala fundi aliyefundishwa, akina mama hurudia maji ya bondeni.

Tena kijana mwenyewe, arudipo kwao kusema mbele ya chama, asihesabu matofali tu. Aeleze wenyeji walimfundisha nini, na mwaka wa pili chama kiulize tena kama kazi ile ingali imesimama.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba huduma ni ya wavukao bahari peke yao. Kutaneni siku moja ya juma, kumi au watano. Chagueni kazi moja iliyo katika uwezo wenu, labda kisima cha shule au kumsomea barua mzee asiyeona. Mwandike katika daftari nani ameahidi nini, na juma lijalo mlifungue daftari hilo kabla ya neno lolote lingine. Kwa herini.