Joto Linaloizeesha Transfoma ya Mtaa



Transfoma inapolipuka usiku na mtaa mzima ukaingia gizani, wengi wetu hudhani kwamba hitilafu imezuka saa ile ile. Mara nyingi sivyo. Ndani ya tangi lile la chuma, nyaya zimezungushiwa karatasi na kuzamishwa katika mafuta. Karatasi huzuia umeme usivuke kutoka waya mmoja hadi mwingine. Mafuta husaidia kuuzuia, tena hulichukua joto na kulitoa nje. Vyote viwili huzeeka, na joto ndilo liharakishalo uzee huo.

Kwa karatasi ya kawaida, wahandisi hutumia kanuni hii: sehemu yenye joto kuliko zote ikiwa na nyuzi 98 za Selsiasi, karatasi huzeeka kwa kasi ya kawaida. Kila zinapoongezeka nyuzi 6, kasi hiyo huwa maradufu. Zikifika 110, saa moja ya kazi hula saa 4 za uhai wake. Zaidi ya hayo, karatasi inayochakaa hutoa maji, na maji hayo huzidisha uchakavu. Mafuta yaliyochafuka yaweza kuchujwa au kubadilishwa. Karatasi iliyokwisha haina dawa, ila transfoma isukwe upya.

Joto hilo hutokana na mzigo. Mashine ya kusaga au ya kuchomelea ikiunganishwa bila taarifa, au nyumba kadhaa zikijiunganishia umeme kwa siri, transfoma hubeba mzigo usiokadiriwa. Na mwizi anapoyafyonza mafuta, huiacha karatasi bila cha kuipoza.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, mtoeni taarifa kwa msambazaji kabla ya kufunga mashine kubwa. Pili, mkiona mafuta yakivuja au mkisikia mngurumo usio wa kawaida, msisogee karibu. Toeni taarifa mara moja, mhifadhi namba ya taarifa hiyo, na msipojibiwa leteni malalamiko kwetu. Tatu, msinunue mafuta yasiyojulikana yalikotoka. Mafuta ya transfoma hayafai kupikia, na baadhi ya yale ya zamani yana kemikali za PCB, ambazo ni sumu.

Taarifa ya mapema huokoa karatasi ambayo hakuna kati yetu anayeiona, lakini sote tunaitegemea.