Pombe Kijijini: Msako Peke Yake Hautoshi

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya pombe, na tunajua wengi wenu mmechoka na habari hii. Barazani tunaambiwa pombe ni mbaya. Mazishini tunaambiwa vijana wanaisha. Watu wanaitikia, halafu jioni kila mtu anashika njia yake, na njia ya wengine inapitia kwa mama pima.

Kwa hivyo leo hatukuja kuwahubiria. Tunataka tuangalie pamoja mambo yaliyochunguzwa na sheria zilizopo, kisha tuulizane: kikundi cha watu 20 au 30, chenye sanduku la akiba na kitabu cha mahudhurio, kinaweza kufanya nini? Jibu letu tunalitoa mapema. Msako wa polisi una kazi yake, lakini peke yake haujawahi kuimaliza pombe mbaya. Kazi iliyobaki ni ya watu wanaoishi karibu na mnywaji, na kazi hiyo inafundishika.

Tulikotoka

Wazee walio hapa wanakumbuka muratina, busaa, kaluvu, na mnazi wa pwani. Pombe hizo zilikuwa na wakati wake na watu wake: mahari, arusi, baada ya mavuno, na mara nyingi wazee ndio waliokunywa. Hatusemi walevi hawakuwako. Walikuwako. Lakini kijiji kilijua nani amepika, nani atakunywa, na lini. Chang'aa ilipoenea ikawa ni mambo ya kujificha, ya haraka na ya pesa.

Mwaka 1980 Serikali ilitunga sheria ya kuipiga chang'aa marufuku. Marufuku hiyo ilidumu miaka 30. Je, chang'aa iliisha? Nyinyi wenyewe mnajua. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 120 walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 watu karibu 50 wakafa huko Machakos kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kudhibiti vileo. Watu wengi huiita sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha na ndiye aliyeipeleka Bungeni. Sheria hiyo iliondoa ile marufuku ya 1980. Iliruhusu chang'aa itengenezwe na mwenye leseni, itiwe kwenye chupa, na iwe na maandishi ya onyo. Nia ilikuwa njema. Lakini yule anayepika kando ya mto hana kiwanda wala chupa, na yeye aliendelea vile vile. Mei 2014 zaidi ya watu 60 walikufa katika Embu, Kiambu na kaunti nyingine. Julai 2015 kukawa na msako mkubwa sana katika eneo la kati. Pombe ilimwagwa na biashara zikavunjwa. Na bado Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa.

Hata bei ina mafunzo yake. Mwaka 2004 bia ya kegi ilianza kuuzwa kwa bei nafuu kwa sababu Serikali iliipunguzia ushuru, ili mtu wa kipato kidogo apate kinywaji kilichopimwa badala ya sumu. Mwaka 2013 ushuru ukarudishwa, bei ikapanda, na mauzo yakaanguka vibaya sana. Miaka miwili baadaye Serikali ikapunguza ushuru tena. Uchunguzi wa nchi nyingi unaonyesha kwamba pombe ikiwa ghali watu hunywa kidogo zaidi. Lakini pale ambapo pombe ya kificho iko mlango wa pili, ukifunga mlango mmoja lazima uangalie na ule mwingine.

Sumu ambayo huwezi kuionja

Watu wanaokufa wengi pamoja, mara nyingi wameuawa na kitu kinachoitwa methanoli. Hii ni spiriti ya viwandani. Wafanyabiashara wabaya huitia ndani ya pombe ili iwe kali na wapate faida. Kwa harufu na ladha inafanana na spiriti ya kawaida, hata mnywaji wa miaka 30 hawezi kuitambua. Ikifika mwilini, ini huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo inaharibu mishipa ya macho na kuzuia mwili kutumia hewa. Ndiyo sababu watu wanapofuka kabla ya kufa.

Jambo moja tafadhali mlishike. Sumu hii haionyeshi dalili papo hapo. Mtu anaweza kulala vizuri, akaamka kesho yake akidhani ni uchovu wa ulevi, kumbe ndio inaanza. Dalili ni hizi: kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kuuma, macho kuona ukungu au weupe, kupumua mbio mbio, kuchanganyikiwa, na hata kifafa. Mtu aliyekunywa akisema "sioni vizuri", msingojee jioni. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Ziko dawa za kuzuia sumu hiyo, na iko mashine ya kusafisha damu, lakini vyote vinasaidia mgonjwa akifika mapema. Maziwa, mayai mabichi na maji ya chumvi hayaondoi methanoli. Msipoteze muda nayo.

Na mkifika, mwambieni daktari ukweli: amekunywa nini, saa ngapi, na nani wengine walikunywa naye. Hao wengine watafuteni hata kama wanasema wako sawa. Watu wengi wamepotea kwa sababu jamaa waliona haya au waliogopa polisi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mlevi ni mgonjwa

Mwaka 2022 NACADA, shirika la Serikali linalopambana na pombe na dawa za kulevya, lilifanya uchunguzi nchi nzima. Lilikuta kwamba kati ya Wakenya 8 wa umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja anatumia pombe. Na kati ya 20, mmoja amefikia hali ya kushikwa nayo, yaani hawezi kuiacha kwa urahisi hata akitaka. Sasa chukueni kijiji chenye watu 400 wa umri huo. Kama hali ni ile ile, ni watu 20. Mnaweza kuwataja kwa majina. Watu 20 si jeshi la kushinda kijiji, lakini ni nyumba 20 ambazo karo haijalipwa na mama analala akisikiliza mlango.

Mtu aliyeshikwa namna hiyo mwili wake umezoea pombe. Akiikosa ghafla anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu ambavyo havipo, na kupata kifafa. Wengine hufa. Kwa hiyo yule anayekunywa sana kila siku, tangu asubuhi, msimfungie ndani ya nyumba siku tatu mkisema mnamponya. Pia pombe ikimwagwa yote kwa siku moja, kuna watu watakaougua usiku ule. Apelekwe kwanza kwenye kituo cha afya ili aache chini ya uangalizi.

Je, baada ya hapo? Hapa ndipo tuna habari njema, na ni ya hapa hapa Kenya. Huko Eldoret watafiti walijaribu njia ya mazungumzo kwa wagonjwa wa kliniki za virusi vya ukimwi waliokuwa wakinywa pombe, kwa maana pombe humfanya mtu asahau dawa zake. Waliowaongoza hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Wagonjwa walikutana kwa vikundi, mara moja kwa wiki, vikao sita. Walijifunza kutambua ni wakati gani kiu inawashika, ni rafiki gani anawavuta, pombe imewagharimu nini, na jinsi ya kukataa kikombe bila kugombana.

Katika jaribio la kwanza, lililotolewa mwaka 2011, kulikuwa na watu 75. Miezi mitatu baada ya vikao, watu 69 kati ya kila 100 waliohudhuria vikao walisema hawanywi. Katika wale waliopata huduma ya kawaida tu, ni 38 kati ya kila 100. Jaribio kubwa la watu 614, lililotolewa mwaka 2021, nalo lilionyesha kwamba waliohudhuria vikao walipunguza pombe kuliko wenzao waliofundishwa mambo ya afya kwa jumla.

Mnasikia, ndugu? Kukutana kila wiki, kukaa kwa duara, kusikilizana, kuandika mahudhurio. Hiyo ni kazi ambayo vikundi vyetu vinaifanya kila siku. Tunachokosa ni mafunzo. Ombeni ofisi ya afya ya kaunti au hospitali iliyo karibu iwafundishe watu wawili au watatu.

Leseni ya baa ni jambo la kijiji

Sheria ya 2010 iliweka mambo ambayo kila mwanakikundi anafaa kuyajua. Kuwauzia pombe walio chini ya miaka 18 ni kosa. Baa haifai kuwa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Saa za baa ziliwekwa kuwa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana siku za Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Tena, mtu yeyote alipewa nafasi ya kupinga ombi la leseni kabla halijakubaliwa.

Chini ya Katiba ya 2010 kazi ya leseni ilipewa kaunti, na kaunti zimetunga sheria zake. Kwa hiyo nendeni kwenye ofisi ya kaunti ndogo muulize: hapa kwetu sheria inasemaje, maombi yanabandikwa wapi, na siku za kupinga ni ngapi? Mnapopinga, msiandike "tunachukia ulevi". Andikeni: baa hii iko hatua kadhaa kutoka lango la shule fulani, watoto wanapita hapa saa fulani. Pimeni kwa kamba. Barua yenye vipimo na sahihi 30 haitupwi kwa urahisi.

Mwaka 2025 sera mpya ya taifa ilipendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Lakini tukumbuke, sera si sheria. Pendekezo huwa sheria Bunge likilipitisha, na hata sheria inataka mtu wa kuitazama.

Mama pima naye ni mwanachama wetu

Hapa tunafika mahali pagumu. Katika vikundi vingi, yule anayepika chang'aa tunaketi naye. Ni mjane au ni mama aliyeachwa na watoto wanne. Pesa anazoweka kwenye merigoraundi zinatoka kwa mtungi, na tumezipokea bila kuuliza. Msako ukija, anapoteza mtungi, analipa faini kwa mkopo, halafu anapika zaidi ili alipe mkopo. Tumeona hivyo mara nyingi.

Hatusemi aachwe aendelee. Anachouza kinaweza kuua watoto wa jirani yake. Tunasema kikundi kimwite, kiketi naye bila kumtukana, kihesabu pamoja naye anapata nini kwa wiki baada ya kuni, sukari na faini. Kisha zamu yake ya merigoraundi isogezwe mbele, apate mtaji wa kuku, mboga au mitumba, kwa mapatano kwamba mtungi unavunjwa na mwenzake mmoja atamtembelea kila wiki. Kama hatuwezi kumpa njia nyingine, tusishangae akirudi kwenye ile aliyoijua.

Tunamaliza kwa kusema hivi. Polisi watakuja na kuondoka. Wakubwa watatoa amri mpya kila wanapokufa watu. Sisi ndio tunaobaki na mlevi, na mke wake, na mpishi wake. Kila kikundi kichague jambo moja kati ya haya: kuwafundisha wanachama dalili za sumu, kuanzisha kikao cha kila wiki, kupima baa iliyo karibu na shule, au kumsaidia mpishi mmoja abadilishe kazi. Jambo moja tu, lifanywe mpaka mwisho, na liandikwe kwenye kitabu.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mtu akianza kuona ukungu usiku baada ya kunywa, gari la kumpeleka hospitali litatoka wapi, na nani atapigiwa simu? Amueni leo.
2. Baa iliyo karibu zaidi na shule yetu iko umbali gani? Nani atapima?
3. Ni nani kati yetu ambaye watu humweleza siri zao bila kuogopa? Je, yuko tayari kufundishwa kuongoza vikao?
4. Kama mwanachama wetu anauza chang'aa, kikundi kiko tayari kumkopesha kiasi gani, na kwa masharti gani?