Maziwa ya Mtoto na Saa za Kazi
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ukunda



Huenda wengine mwajiuliza, watu wa reli wana neno gani juu ya maziwa ya watoto. Wake zetu na dada zetu wengi wafanya kazi katika mahoteli ya Diani, na sisi ndio tununuao kopo. Basi latuhusu.

Kopo si sumu. Yuko mtoto aliyefiwa na mama, na yuko mama aliyekatazwa na daktari kunyonyesha. Kwao kopo ni msaada mkubwa. Lakini lataka maji yaliyochemka, mkaa, chupa iliyooshwa vema kila mara, na fedha ya kununua jingine kabla la kwanza halijaisha. Wafikirieni wenzetu wa Msambweni wachotao maji kisimani. Fedha zikipunguka tarehe 20, mtu hutia kijiko kimoja badala ya vitatu, na chupa bado yaonekana nyeupe. Mtoto hujaa maji akakonda, na uchafu humletea kuhara. Maziwa ya mama hayataki mkaa, tena yana kinga ya maradhi, hasa dang'a, yale ya kwanza ya manjano ambayo wengine huyamwaga bure.

Wako waliouliza habari za virusi vya ukimwi. Mwaka 2000 zilitangazwa hesabu za mama 425 wa Nairobi wenye virusi. Katika kila watoto 100 wa upande wa kunyonyeshwa, kama 37 walipata virusi. Upande wa kopo, kama 20. Lakini kufikia miaka 2, vifo vilikuwa kama 24 upande wa kwanza na 20 upande wa pili, tofauti ndogo, na hao walichaguliwa wenye maji ya mfereji! Siku zile mama hawakuwa na dawa za leo. Sasa mama hushauriwa ameze dawa zake kila siku, anyonyeshe, na asikose kliniki.

Sasa jambo lenyewe. Madaktari wataka miezi 6 ya maziwa ya mama matupu. Sheria ya Kazi ya 2007 yatoa likizo ya uzazi ya miezi 3. Hiyo mitatu iliyobaki mtoto atanyonya nini, na mama yuko zamu tangu alfajiri? Hapo ndipo kopo huingia nyumbani, wala si kwa uvivu wa mama, kama tusemavyo wanaume barazani.

Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea na kukamulia, penye friji na maji ya kunawa, wala pasiwe chooni. Tena mama apewe nafasi mbali na ile ya chakula, jumla isiyozidi saa 1 katika saa 8 za kazi. Maziwa aliyokamua, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Ni rahisi kuosha kuliko chupa.

Kabla ya mkutano wa mwezi ujao, kila mama anyonyeshaye amwambie mjumbe wake zamu yaanza na kwisha saa ngapi, na maziwa huyakamulia wapi. Majina hayatasomwa. Akina baba nasi tuandike kopo latugharimu kiasi gani kwa mwezi, maana hesabu hiyo tutaiweka mezani pamoja na ya mishahara.