Madoa ya Maji katika Rangi ya Motakaa



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo lionekanalo kuwa dogo, lakini limewatia watu hasara kubwa: yale madoa meupe ya duara yabakiayo katika rangi ya motakaa baada ya kuoshwa.

Wengi hudhani ya kuwa madoa hayo ni uchafu usioondolewa vema, na kwa hiyo huzidi kusugua. Sivyo. Yameletwa na maji yenyewe. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake hupita katika mawe hayo yakachukua chokaa ndani yake. Kila mwenye nyumba huko ameuona ukoko mweupe ulio ndani ya birika la chai. Basi kitu ni kile kile. Tone la maji likiachwa juani, maji hukauka yakaenda zake, chokaa isiende. Hubaki pale pale, hasa pembezoni mwa tone, ndiyo sababu doa hufanana na pete.

Mjomba wangu ana teksi nyeusi huko Mombasa. Alizoea kuiosha kwa maji ya kisima saa sita mchana, kisha huiacha ijikaukie wakati yeye akila chakula chake. Madoa yakaenea pande zote. Siku moja akachukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Nikamwambia, "Mjomba, ngoja kwanza." Akanijibu, "Mwanangu, kazi yako wewe ni vitabu. Teksi niachie mimi."

Madoa yaliondoka kweli, na mng'ao ukaondoka pamoja nayo. Motakaa nyingi zilizoundwa tangu miaka ya 1980 hupakwa rangi, kisha juu ya rangi hupakwa tabaka nyingine iliyo safi kama kioo. Unene wake ni kama sehemu 1 ya 20 ya milimita, au pungufu. Mjomba alikuwa ameichubua tabaka hiyo. Teksi ikalala gereji siku kadhaa bila abiria, na fedha aliyoiweka kwa karo ya watoto ikaishia mkononi mwa fundi wa rangi.

Njia iliyo njema ni hii. Weka motakaa kivulini, ungoje mpaka bati lake lipoe. Ioshe kwanza kwa sabuni ya motakaa ili mchanga wote uondoke, maana mchanga ukibaki chini ya kitambaa utakwaruza. Kisha changanya siki nyeupe na maji safi, sawa kwa sawa, ujaribu mahali pasipoonekana. Ukiona hapana dhara, loweka kitambaa laini, ukiweke juu ya doa kwa dakika moja au mbili, wala usiiache siki ikauke. Ukali wa siki ndio uyeyushao chokaa. Nguvu ya mkono haihitajiwi. Suuza kwa maji mengi, ukaushe papo hapo, kisha upake nta upya, kwa kuwa siki hudhoofisha nta iliyokuwapo.

Pengine doa litakataa. Doa lililokaa muda mrefu katika jua kali huweza kuila ile tabaka ya juu likaacha kishimo, na hapo siki haina la kuyeyusha. Itakupasa kutumia dawa laini ya kung'arishia rangi, nayo kwa uangalifu, maana hupunguza tabaka hiyo kidogo kila itumiwapo. Mtu asiye na uzoefu na ampelekee fundi.

Siku hizi mjomba huosha asubuhi mapema, sehemu moja baada ya nyingine, na kitambaa kikavu kiko begani tayari kufuta kabla maji hayajakauka. Chupa ya siki huiweka chini ya kiti, hata abiria mmoja alimwuliza kama auza achari.