Kebo Inatua Kwetu, Ufundi Je?



Intaneti unayotumia hapo kwenye simu imepita chini ya bahari. Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zilitua hapa Mombasa, na 2010 ikafuata EASSy. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, tena kwa bei ghali. Mlango wa intaneti uko kwetu.

Sasa tuulizane: kijana wa Likoni au Kisauni amepata nini? Wengi wanaitwa kuchimba mitaro. Ni kazi ya halali, hakuna wa kuidharau. Lakini mtaro ukishafukiwa, kibarua kimeisha. Anayeendelea kuitwa ni fundi, kwa sababu kila siku kuna nyumba inataka laini na kuna waya umekatwa na tingatinga.

Ufundi wenyewe unafundishika. Uzi wa faiba ni kioo chenye unene wa milimita 0.125, karibu na unywele. Unaumenya, unaufuta kwa spiriti, unaukata sawasawa, kisha mashine inayeyusha ncha mbili ziwe moja. Vumbi kidogo tu, mwanga unapotea. Halafu unapima kwa kifaa kinachotuma mwanga ndani ya waya na kukuonyesha umekatika umbali gani. Na usichungulie ncha ya waya ulio kazini: mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho.

Dada zetu, hii si kazi ya misuli. Inataka mkono uliotulia na macho makini. Wazazi, msiwafungie mlango.

Kabla hujalipa karo, uliza mambo matatu. Chuo kimesajiliwa na TVETA? Kila mwanafunzi atashika mashine, au mtaangalia mwalimu tu? Kuna mafunzo ya kazini baada ya darasa? Wakisitasita, ondoka na pesa zako. Na wewe uliyejifunzia kazini bila cheti, nenda ofisi za NITA uulize ni mtihani gani wa ufundi unaofaa kazi yako. Bila karatasi utabaki kulipwa kama msaidizi hata ukiwa ndiye unayejua.

Wazee wetu waliliona hili mapema. Technical University of Mombasa ya leo ilianza kama MIOME, chuo cha ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, kilichojengwa kwa michango, ikiwemo ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamii ya Mabohora. Walijua jamii isiyo na mafundi itabaki kubeba mizigo ya wengine.

Basi kampuni ikija kuchimba mtaani kwenu, nendeni kwa MCA na kwa mzee wa mtaa, mkiwa pamoja na kwa adabu. Msiulize vibarua wangapi tu. Ulizeni vijana wangapi watafundishwa, na mtake jibu kwa maandishi.