Mashine Inywayo Petroli Kupita Kiasi

Mashine iliyopanuliwa kitundu cha petroli katika kabureta huko Dar es Salaam, ili iongezeke nguvu, ikifika huku Msalato kwenye futi zipatazo 3,600 hutoa moshi mweusi na kulegea. Hewa yetu ni nyepesi kwa kadiri ya sehemu 10 katika 100, wala petroli haipungui kadiri hiyo. Fungueni plagi, ikiwa na masizi makavu, petroli imezidi. Tazameni kwanza choki, kisha chujio la hewa, maana vumbi la Ugogo halina huruma. Vikiwa salama, rudisheni kitundu kidogo. Msiondoe chujio, kama wafanyavyo vijana: vumbi litakula silinda. Wala msikawie, kwani petroli iliyozidi huosha mafuta silindani, chuma kikasagana na chuma.