Yowe la ng'ombe na yowe la mwanamke

(Hotuba ya muuguzi mstaafu, mwanachama wetu, katika mkutano mkuu wa mwaka uliofanyika Dodoma mjini)



Nimepewa dakika kumi, na katibu ameshaanza kutazama saa. Kamati imeniomba nieleze kwa nini harambee ya mwaka huu ni ya bweni la wasichana pamoja na mafunzo ya kujilinda, na kwa nini josho limesogezwa hadi mwakani. Najua wapo wanaonung'unika. Hata mimi nina ng'ombe.

Nianzie kwa ng'ombe hao hao. Kwetu mtu akipiga yowe usiku kwamba zizi limevunjwa, hakuna anayeuliza ni zizi la nani. Wanaume wanatoka na fimbo na mikuki, wengine pekupeku, na nyayo zitafuatwa hadi ng'ambo ya korongo. Lakini yowe likitoka nyumba ya jirani, tena sauti ya mwanamke, tunasikiliza tu. Tunasema ni mambo ya ndani. Asubuhi tunamkuta kisimani jicho limevimba, tunampa pole, tunachota maji.

Sheria haina hayo mambo ya ndani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema mwanandoa hana haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko au kipigo. Imepita zaidi ya miaka 50. Na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Ni zaidi ya mmoja kati ya wanne. Tazameni safu hii ya akina mama waliokaa mbele, mhesabu wenyewe.

Sasa mafunzo. Mzee mmoja aliniuliza kama tunataka kuwafundisha binti zetu karate. Hapana, mzee wangu. Jijini Nairobi, mtaa wa Korogocho, wapo bibi wenye umri kama wako ambao wana kikundi wanachokiita Shosho Jikinge. Wanajifunza kupaza sauti, kulenga pua, koo na macho, kisha kukimbia. Nairobi huko huko wasichana wa sekondari walifundishwa kwa saa 12 tu, zilizogawanywa katika wiki sita, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao walitumia mafunzo hayo kujinasua katika mwaka uliofuata. Kilichonigusa zaidi ni hiki: aliyetajwa mara nyingi kuwa mshambuliaji hakuwa mtu wa kuvizia gizani. Alikuwa rafiki wa kiume wa msichana mwenyewe. Kwa hiyo binti anafundishwa kwanza kusema hapana kwa sauti kavu, bila kucheka kwa aibu, kwa mtu anayemjua na pengine anayemheshimu. Ngumi huja baadaye, kama ikibidi. Sheria yetu ya jinai nayo inamruhusu mtu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari iliyomkabili.

Lakini binti akipiga yowe, nani atatoka?

Wengi wenu mnajua mageto. Shule ya kata iko mbali, mzazi anampangia mtoto wa miaka 14 chumba karibu na shule, mlango wa bati, kufuli la kununua mnadani, debe la unga na chumvi. Unga ukiisha kabla ya mwisho wa mwezi, yupo wa bodaboda atakayemletea chipsi, tena kwa upole. Mtoto huyu hata umfundishe kupiga teke la namna gani, usiku yuko peke yake. Ndiyo maana bweni na mafunzo vimekuja pamoja. Nisingekubali kusimama hapa kuombea mafunzo peke yake.

Jambo la pili ni muda, na hapa nazungumza kama muuguzi. Aliyebakwa afikishwe hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hazifai tena baada ya hapo. Asioge kwanza. Nguo alizovaa zifungwe kwenye khanga au karatasi, zisiwekwe kwenye mfuko wa plastiki. Fomu ya PF3 ya polisi ni muhimu kwa kesi, lakini mgonjwa wa dharura atibiwe, fomu ifuate. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto ndicho cha kuulizia. Kwa mtoto, namba ni 116, na simu hiyo hailipiwi.

Najua saa hizo zinapotelea wapi. Zinapotelea chini ya mti, wazee wakihesabu mbuzi wa fidia. Nawaheshimu wazee wangu, ila katika hili sina upole. Kosa la kubaka adhabu yake haipungui miaka 30 jela, na aliye chini ya miaka 18 hawezi kuridhia. Mbuzi hawafuti kesi. Kila siku ya kikao ni siku moja ya dawa imepotea, na mtoto amekaa ndani anasikia bei yake ikitajwa.

Kwa hiyo pamoja na bweni tunaomba mfuko mdogo wa nauli, utunzwe na akina mama wawili katika kila kitongoji, ili usiku wa manane asitafutwe mtu wa kukopesha pesa ya pikipiki. Wenyeviti wa vitongoji nao wahudhurie mafunzo. Wavulana pia, na siku yao iwe ya kwanza.

Mweka hazina ana daftari pale mlangoni. Kitanda na godoro vinaandikwa kwa jina la mchangiaji, mabati yanahesabiwa kwa bando. Mimi nimeandika vitanda viwili, na mume wangu, aliyekuwa upande wa josho, ameandika cha tatu.